Kengele ya Mlango wa Mbele

Utrecht, 11 Agosti 1987

Dada Aafke,

Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima, wewe, Baba, na binti yako Jeltsje huko Groningen na mimba yake. Mimi nimeshuka salama kutoka Kanada. Mizigo yote imefika isipokuwa mwavuli, na mvua ikajua hivyo siku ile ile. Nimepata chumba kwa mama mmoja mjane, Bi. van Zanten, kando ya mfereji. Ni mtu safi kupita kiasi. Kila asubuhi anaosha kizingiti ambacho hakuna aliyekikanyaga. Barua zako uzitume kwake hata nikiwa nimesafiri, atanitunzia.

Nimekuja kwa miezi minne. Mchapishaji wangu wa Toronto anataka kitabu cha wasafiri kuhusu Waholanzi na vitu wanavyovibuni: viti, vigae, nyumba, madaraja, hata mabirika. Jana niliingia ile nyumba ndogo ya mwisho wa mtaa, yenye rangi nyekundu, bluu na manjano, ambayo kuta zake za ghorofani unazisukuma tu na ukumbi mmoja unageuka vyumba. Aafke, nilisimama pale mpaka nikasahau chakula cha mchana. Waholanzi ni watu wa ajabu. Hawawezi kuona ukuta bila kujiuliza kama kweli unahitajika.

Na tabia zao! Nimeanza kuziandika. Usiku hawafungi mapazia ya sebuleni; mpita njia anaiona familia nzima ikila na hakuna anayejali. Ukimtembelea mtu analeta kahawa na kopo la biskuti, unachukua moja, kisha kifuniko kinarudi mahali pake, pap! Kalenda ya siku za kuzaliwa wanaitundika chooni. Wasomaji wangu watafurahi sana.

Jambo jingine. Wakati wa Pasaka nilimwandikia Baba kumwarifu kwamba nakuja. Hakujibu. Je, aliipata?

Mdogo wako,
Siebren


Workum, 20 Agosti 1987

Siebren,

Salamu zako nimezipokea, na zangu ndizo hizi. Sisi hatujambo. Jeltsje miguu imemvimba lakini anakula vizuri, na mtoto tunamtazamia karibu na Novemba. Jirani yetu Tjitske amenunua baiskeli mpya na tayari ameshatumbukia nayo mtaroni.

Sasa tuje kwenye hiyo barua yako. "Waholanzi ni watu wa ajabu." Hivi wewe ulizaliwa wapi, mwezini? Ulizaliwa katika nyumba hii hii, ng'ombe wakikoroma upande wa pili wa ukuta. Ulilelewa na kopo hilo hilo la biskuti, na iko siku ulichapwa kwa kuchukua ya pili. Miaka ishirini na minane ya Kanada imekutoa akili mpaka unaniandikia mimi habari za mapazia? Mimi pia nina madirisha, Siebren. Nayaosha kila Ijumaa.

Barua ya Pasaka ilifika. Baba anayo. Usiniulize zaidi, njoo umuulize mwenyewe.

Na hili ndilo la maana. Nyumba imeuzwa. Wamenunua mke na mume kutoka Amsterdam, watu wa kupendezwa na kila kitu. Walipapasa hata ndoana za zizini wakasema ni nzuri mno. Tarehe mosi Desemba Baba anahamia nyumba ya wazee kule Bolsward, na mimi naenda kukaa na Jeltsje. Tarehe tatu Oktoba Baba anatimiza miaka themanini na mitano, na hiyo ndiyo sherehe ya mwisho humu. Yeye hatakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi: anataka ukae naye ndani ya nyumba hii kabla hajatoka. Hana jingine analolitaka. Kutoka Utrecht hadi huku ni treni tu, mtu anakunywa chai huko na chakula cha mchana anakula huku. Njoo.

Na usiniambie nipige simu. Simu iko mezani kando ya kiti chake, na masikio yake ni mazima kabisa.

Dada yako,
Aafke


Rotterdam, 7 Septemba 1987

Dada Aafke,

Natumaini miguu ya Jeltsje imepungua uvimbe na Tjitske ametoka mtaroni. Barua yako nimeikuta juzi tu, niliporudi kwa Bi. van Zanten kuchukua mashati, nikasafiri nayo hadi huku. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Hasira zako nimeziona. Lakini elewa, dada, msafiri lazima atazame kila kitu kama mtu asiyekijua, la sivyo haoni kitu. Leo nimeingia katika zile nyumba za manjano zilizoinamishwa, kila moja imesimama kwa pembe yake juu ya nguzo. Kuta zote zimelala upande. Mwenye nyumba aliyenikaribisha hajui pa kutundika picha zake, ziko sakafuni tangu alipohamia. Nikamuuliza kwa nini asihame. Akasema, "Nihame? Watu wanatoka Japani kuja kunitazama nikigonga kichwa darini!"

Nimeandika pia sura nzima kuhusu ngazi zetu. Ule mwinuko, ule wembamba, ile kamba ya kushikilia! Hakuna nafasi hata kidogo iliyopotea. Ni ubunifu wa watu wanaojua thamani ya ardhi.

Habari ya nyumba kuuzwa imenishtua, siwezi kukuficha. Lakini niseme wazi. Nilimwandikia Baba, hakujibu. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, siwezi kujitokeza kwenye sherehe ya mtu aliyeshindwa hata kunitumia kadi. Unajua alivyo na kichwa kigumu. Aniandikie mstari mmoja tu wa kunialika, nami nitapanda treni siku hiyo hiyo. Siombi makubwa.

Mdogo wako,
Siebren


Workum, 13 Septemba 1987

Wewe Siebren,

Salamu, hatujambo, Jeltsje hajambo, na ng'ombe wa jirani naye hajambo. Hayo yamekwisha.

Ualikwe? Nimepasoma hapo mara mbili nikidhani miwani yangu imechafuka. Tangu lini mtu anaalikwa siku ya kuzaliwa ya baba yake? Na wewe ndiye unayeandika kitabu cha tabia za Waholanzi! Ile kalenda inaning'inia chooni kwa nini, Siebren, ni pambo? Iko pale ili kila mtu aijue siku, avae koti, aje. Haalikwi mtu. Shangazi haalikwi, majirani hawaalikwi, mchungaji wa kanisa haalikwi na anakuja na kula vipande viwili vya keki.

Hata hivyo nilijitia kumuuliza Baba, mezani, kama jambo la kupita tu. "Je, Siebren tumwandikie kumwalika?" Akaweka kijiko chini. Akasema, "Wanaoalikwa ni wageni. Nikimwalika mwanangu nitakuwa nimemfukuza nyumbani." Kisha akaendelea na supu yake ya njegere. Basi umesikia. Wewe unangoja akualike ndipo uamini kwamba wewe ni mtoto wake, na yeye hakualiki kwa sababu wewe ni mtoto wake, na mimi niko katikati yenu naosha vyombo. Mtaniua nyinyi wawili, jamani.

Na hizo ngazi unazozisifia ndizo zilizomwangusha Baba mwezi Machi. Mbavu mbili. Siku hizi analala chini sebuleni. Tia na hiyo katika sura yako.

Liko neno jingine, lakini Baba ameniapisha kwa jina la Mama nisikuambie. Anasema hataki uje kwa kumhurumia. Kwa hiyo sikuambii, na kifua kinaniuma kwa kutokuambia. Nakuambia tu uje. Tarehe tatu jioni, baada ya saa moja. Unafungua mlango, unaingia, unakaa. Viti visipotosha unajichukulia cha jikoni kama kila mtu.

Aafke


Delft, 22 Septemba 1987 (kadi ya posta, picha ya kigae chenye meli ya bluu)

Dada, wasalimie wote. Nimekuelewa. Vigae vya hapa ni vizuri. S.


Workum, 5 Oktoba 1987

Siebren,

Baba hajambo, mimi sijambo, Jeltsje hajambo. Wewe sijui, na leo wala sijali sana.

Hukuja. "Nimekuelewa," umeniandikia, nyuma ya kigae. Ulielewa nini? Baba alivaa tai tangu asubuhi. Alikataa nimnyoe, akanyoa mwenyewe, akajikata, nikamfuta damu shingoni. Akataka kiti chake nikielekeze dirishani na mapazia niyasogeze mpaka mwisho. Walikuja wote. Tukakaa duara kama kila mwaka, sahani za keki mapajani, na kila aliyeingia akauzunguka mduara mzima akitoa mkono: hongera kwa baba yako, hongera kwa jirani yako, hongera kwa shemeji yako. Tjitske alinipa hongera hata kwa ajili yako, akauliza uko wapi. Nikasema, yuko kwenye treni.

Kila treni ilipopita kule ng'ambo ya mashamba Baba alinyamaza. Mtu anazungumza naye, yeye ameinua kidevu, anasikiliza, anangoja kiasi cha mtu kutembea kutoka stesheni, kisha ndipo anajibu. Saa nne ikapita nyingine. Akangoja tena. Akasema, "Hiyo ilikuwa ya mwisho." Akaniomba nimfungue tai. Siebren, nilipokuwa nafungua fundo lile nilitamani uwe karibu nikukabe nalo.

Hata kichekesho tulikipata. Sherehe inaanza kuchangamka, tunasikia kengele ya mlango wa mbele! Wa mbele! Watu wakaangua kicheko. Baba akasema, "Huyo ama anauza vitabu ama amekuja kuchukua maiti. Mwambieni sijawa tayari." Tukacheka mpaka mchungaji akapaliwa na keki. Ikalia mara ya pili, tukacheka upya, kisha mtu akaenda zake. Nani angemfungulia, na nyuma ya mlango ule kuna kabati la makoti! Ndiyo mara pekee Baba alicheka siku ile.

Sikuandikii tena mpaka uniambie kwa nini.

Aafke


Eindhoven, 26 Oktoba 1987

Aafke,

Natumaini nyote ni wazima. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili na zaidi.

Huku kuna maonyesho ya viti. Kimoja ni cha karatasi ngumu iliyokunjwa, kingine unakikalia kwa magoti. Nimevikalia vyote vilivyoruhusiwa, na hakuna hata kimoja ambacho mtu anaweza kukikalia akala keki. Naona nakuandikia haya kwa sababu ni mepesi kuliko yanayofuata.

Nilikuja.

Nilishuka na treni ya saa moja na robo, maua mkononi, nikatembea kwa njia ile ya kando ya mtaro. Mapazia yalikuwa wazi. Niliwaona wote: taa, duara, wewe na sinia, mchungaji na kipande chake cha pili. Baba peke yake alikuwa ameelekea dirishani, nyinyi wengine mmegeukiana. Nikasimama barabarani chini ya taa, mbele yake kabisa, nikavua kofia, nikainua mkono. Alinitazama, Aafke. Uso kwa uso. Hakutikisa hata kidole. Nikapunga tena. Akageuza uso akashika kikombe chake.

Nikajiambia labda hajanitambua, miaka ni mingi na mimi nimenenepa. Nikaenda nikapiga kengele. Nikasikia mnacheka. Nikapiga tena, mkacheka tena. Nikayaweka maua kizingitini nikarudi stesheni, nikakaa kwenye benchi na baridi ile hadi treni ya mwisho. Kwa hiyo hicho kichekesho chenu ni mimi. Mwambie Baba vitabu siuzi, naviandika tu.

Tiketi ya ndege nimeibadilisha. Naondoka mapema, tarehe kumi na nne Novemba. Yaliyobaki nitayaandikia Toronto. Nimechoka, dada. Mtu hawezi kupiga hodi maisha yake yote.

Siebren


Workum, 30 Oktoba 1987

Siebren, mdogo wangu,

Salamu sina leo. Nimeisoma barua yako jikoni nimesimama, nikatoka nje bila koti, nikazunguka nyumba hadi mbele, mahali ambapo sijakanyaga tangu kiangazi. Maua yako yapo. Yameoza ndani ya karatasi yake, yamekuwa kahawia tupu. Nimekaa pale kizingitini nikalia, kisha nikakasirika, na mpaka sasa nimekasirika.

Baba haoni.

Basi, nimelisema. Mama anisamehe huko aliko. Lilianza jicho la kulia mwaka juzi, la kushoto likafuata, na daktari wa Leeuwarden akasema hana la kufanya. Ngazi zilimwangusha kwa sababu hakuziona. Barua yako hakuijibu kwa sababu hawezi kuisoma, na nilipotaka kumsomea alininyang'anya. "Imeandikwa kwangu," akasema, "ataisoma aliyeiandika." Anatembea nayo mfukoni mwa shati, nikifua shati anaihamisha. Alikaa dirishani ili wewe umwone yeye. Ulimpungia mkono mtu ambaye hajui kama taa inawaka!

Na wewe nawe! Kengele ya mbele! Ni nani wa nyumba hii aliyewahi kupiga kengele ya mbele? Mlango ule ni wa bibi harusi na jeneza. Mimi nilitokea pale na shela, Mama alitokea pale akiwa amebebwa, na wewe hukuwepo. Sisi wengine wote tunazunguka nyuma, tunapita zizini, tunavua viatu, tunaingia. Na huwa hatupigi hodi! Umezunguka dunia, umeandika milango ya kila mtu, wa kwenu ukausahau. Ungekuwa hapa ningekuzaba kibao kisha nikukumbatie, au nianze na kukumbatia, sijui.

Mtoto wa Jeltsje amezaliwa usiku wa kuamkia leo. Msichana. Wamempa jina la Mama, Rinske. Kesho asubuhi naondoka kwenda Groningen, hapo siwezi kungoja, na Tjitske atakuwa anamletea Baba chakula. Sijamwambia kwamba wa kengele ulikuwa wewe. Hilo utamwambia mwenyewe. Mlango wa nyuma haufungwi kwa ufunguo, hujawahi kufungwa. Bado unakwama.

Na usithubutu kumwambia kwamba nimekuambia.

Aafke


Workum, 9 Novemba 1987

Dada Aafke,

Hongera kwa kuwa bibi, na Jeltsje umpe hongera zangu, na Rinske mdogo umbusu kila mahali. Tjitske ametuletea mkate mkavu wenye punje za sukari kwa heshima ya mtoto. Punje zimemwagika jikoni mwote na kila ninapokanyaga zinalia chini ya soksi. Nimeziacha. Baba anafurahi kusikia ninapokwenda.

Naandika hapa mezani pa jikoni, yeye amejilaza. Barua yako niliikuta juzi kwa Bi. van Zanten, niliporudi kufunga mizigo. Niliisoma nimesimama kwenye kizingiti chake alichokiosha, akanifokea kwa viatu vyangu, kisha akaniona uso akaninyamazia. Nikapanda treni bila hata mswaki.

Nilizunguka nyuma. Mlango unakwama kweli, unausukuma kwa bega, na bega langu lilipakumbuka kabla yangu. Nikapita zizini, nikavua viatu, nikafungua wa jikoni. Baba alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa.

"Tjitske, umesahau nini tena?"

Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Si Tjitske," akasema. "Tjitske hafungi mlango." Kisu kikasimama mkononi mwake. Akangoja.

"Ni mimi, Baba."

"Umeingilia mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Basi mbona umesimama kama mgeni? Vuta kiti."

Nikavuta. Akarudi kwenye kiazi chake, akakimenya tena na tena mpaka kikabaki kama kokwa. Kisha akanyoosha mkono, nikamsogezea uso. Akanipapasa paji, pua, mashavu, akapanda juu. "Nywele ziko wapi?"

"Kanada, Baba."

"Ukazisahau huko."

Nilidhani nitaanza kwa mengine, lakini lililonitoka kwanza ni lile la kengele. Nikamwambia nilikuja, nikapiga, nikaondoka. "Nilicheka," akasema. "Wewe uko nje na baridi, mimi nacheka." Akasema hivyo tena, na mara ya tatu. Aafke, sijawahi kumwona hivyo. Nikamwambia mzaha wenyewe ulikuwa mzuri. Na kweli ulikuwa mzuri. Ndipo tukaanza kucheka wote wawili, na mimi machozi yananimwagikia viazini.

Akatoa ile barua mfukoni, imelegea kama kitambaa. "Soma." Nikasoma. "Baba mpendwa, napenda kukuarifu kwamba nitakuwepo nchini kuanzia Agosti kwa shughuli za kitabu. Iwapo itakufaa tuonane, nitashukuru kupata jibu lako." Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Ni barua ambayo mtu angemwandikia meneja wa benki.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Miezi saba nimetembea na hayo," akasema, akaikunja, akairudisha mfukoni. Nikamwambia aitupe. Hataki.

Na sasa nina ugomvi na wewe. Mbona hukuniambia kwamba barua zangu ulikuwa unamsomea? Nimekaa tu, Baba ananiuliza, "Yule mtu wa Rotterdam, picha zake bado ziko sakafuni?" Kisha, kwa upole kabisa: "Na kichwa changu kigumu umekiweka katika sura ya ngapi?" Dada, hapo hata wewe ungenikana! Anasema ulikuwa unasoma kwa sauti huku ukinitukana kati ya mistari, na yeye akijifanya anasikiliza redio. Anasema matusi yako yalikuwa mazuri kuliko viti vyangu.

Akataka nimweleze tena ile nyumba ya Utrecht, kwa sababu eti niliiandika vibaya. Maneno hayakusaidia. Nikachukua vikombe, sanduku la sukari na kopo la biskuti, nikazijenga kuta mezani, nikaiweka mikono ya Baba juu yake ili asukume mwenyewe. Alisukuma, akafungua, akafunga, akaweka kijiko katikati kuwa baba mwenye nyumba. Akauliza anayelala pale hasikii majirani wakikoroma? Nikasema sikuuliza. "Hilo ndilo ungeuliza," akasema, "mambo ya rangi ungeyaacha."

Tiketi ya ndege nimeiacha ipotee. Tarehe mosi nitamsindikiza mimi hadi Bolsward, wewe tulia na mjukuu wako. Amesema atatoka kwa mlango wa nyuma. Ule wa mbele anausubirisha kidogo.

Tulipomaliza kucheza nyumba nikapika kahawa. Akalivuta lile kopo, ambalo dakika iliyopita lilikuwa ukuta, akalifungua, akalisukuma upande wangu. Nikachukua moja. Nikangoja ile pap.

"Umechukua?"

"Nimechukua."

"Chukua nyingine."

Nilidhani ananipima, kama zamani. Nikamwambia moja inatosha, Baba. Kifuniko alikuwa amekiweka mapajani, ameshakifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mimi sioni," akasema. "Chukua."

Mdogo wako,
Siebren